Fokasi Anataka Kuhama Tena

Kijiwe cha Tabitha kiko nyuma ya soko la Tengeru, pale harufu ya vitunguu inapokutana na harufu ya mbuzi. Benchi lake ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na mbele yake kuna jiko la mkaa, birika jeusi na sahani ya kashata iliyofunikwa kwa kitambaa cha nyavu. Hapo mtu hahesabiwi kuwa mwenyeji mpaka apewe jina. Philemoni, fundi simu, anaitwa Waranti, kwa sababu hajawahi kutengeneza kitu akakitolea waranti. Tajeu, aliyebeba mizigo ya wageni Mlima Meru miaka ishirini mpaka magoti yakamkatalia, anaitwa Miriakamba, jina la kibanda cha kwanza cha kulala kule juu. Na Elirehema Sumari, fundi wa maabara katika chuo kimoja cha kilimo, mtu wa miaka hamsini na mbili ambaye kila mwisho wa wiki hupanda ukingo wa msitu kupiga picha mbega na ndege kwa mapenzi tu, anaitwa Fokasi.

Jumamosi hiyo mlima ulikuwa umejifunga wingu hadi kiunoni. Fokasi alifika saa nne akiwa ameukumbatia mkoba wa kamera kifuani, akakaa ncha ya kushoto ya benchi, akapokea kikombe. Tabitha aliyaona macho yake mekundu akamuuliza kama nyumbani ni salama. Akajibu ni salama. Hakusema kwamba alikuwa na siku tatu hajalala vizuri, wala kwamba mkewe, Elieshi, hajui sababu.

— Saa tisa naenda Elerai, akasema mwishowe. Kuna jamaa anaitwa Godwin, ana Sony. Tunabadilishana. Yeye anachukua hii Nikon yangu.

Waranti aliweka kikombe chini.

— Mzee Fokasi, hiyo Nikon ina wiki sita. Hata ndoa ya mkeka inafika miezi mitatu.

Wakacheka wote isipokuwa mwenyewe. Na kweli, pale kijiweni habari ya kuhama kwa Fokasi ilikuwa bado mbichi. Miaka kumi na tano alikuwa mtu wa Canon, ile ile moja, imechubuka pembeni hadi chuma kinaonekana. Alipiga nayo ubatizo wa wanawe, kwaya za usharika, maua ya kahawa, mbega wakiruka na mikia yao meupe. Watu walimsifu kwa kitu kimoja: picha yake ilikuwa safi, hakuna kilichoingia humo ila kile alichokitaka yeye. Halafu, tangu mwaka jana, picha zikaanza kuingiliwa. Anapiga bibi harusi, akifika nyumbani anakuta pembeni kuna beseni la plastiki. Anapiga kwaya, anakuta mzee amekaa kushoto anajikuna sikio. Vitu hivyo hakuviona alipoweka jicho kwenye kitundu cha kuangalizia. Ndipo mtu mmoja akamweleza kwamba kamera nyingi za namna ile hazionyeshi picha yote kwenye kitundu, pembeni hukatwa kidogo, basi dawa yake ni kutafuta inayoonyesha yote. Maneno hayo yalimwingia kama maji kwenye mchanga. Aliiuza Canon na lenzi zake zote, akanunua Nikon iliyotumika, inayosifika kuonyesha picha nzima, akaanza kufundisha mikono upya, maana lenzi za huku huzungushwa kinyume na za kule.

Na sasa alitaka kuhama tena.

— Godwin anasema Sony haina kioo ndani, akaeleza. Unachokiona kwenye kitundu ndicho kinachopigwa. Hakiwezi kuzidi, hakiwezi kupungua.

— Na hii inazidisha nini? akauliza Tajeu.

Fokasi akaiwasha kamera. Akawaonyesha kwenye kioo cha nyuma: mbega dume juu ya mti, ameketi kama mzee wa baraza, mkia umening'inia kama shali. Wote wakasifu. Akawaambia sasa waangalie chini, kona ya kushoto. Waranti akabonyeza, akaivuta picha hadi kona ile ikajaa kioo.

Palikuwa na kivuli, na majani, na ndani ya majani pembe mbili zilizokutana juu ya paji la uso. Nyati. Alikuwa amesimama, kichwa kimeinuliwa, anaitazama kamera.

Hakuna aliyecheka tena. Tajeu aliichukua kamera, akaisogeza karibu na uso wake na kukaa nayo muda mrefu.

— Hili ni dume la peke yake, akasema. Limefukuzwa kundini. Haya hayatishi kwanza. Yanakuja tu. Ulikuwa mbali kiasi gani?

— Nilipoiona picha, nilirudi kesho yake na askari wa wanyamapori, tukapima. Hatua ishirini na mbili.

— Na hukumwona.

— Sikumwona.

— Ulipoondoa kamera usoni?

— Niliishusha, nikafunga mkoba, nikateremka. Nilikuwa napiga mluzi.

Tabitha akashika kifua. Tajeu alimrudishia kamera polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha moto, akasema kwamba katika miaka yake ishirini amewabeba watu wawili waliokutana na dume kama hilo, na mmoja wao alikuwa amefunikwa uso. Tangu Fokasi aione picha ile kwenye kompyuta, siku ya Jumatano usiku, kila anapopita mgombani kwake hugeuka nyuma mara tatu, na jana aliruka kwa woga kwa sababu ya ndama wa jirani.

Hapo ndipo kijiwe kilipoanza kazi yake.

Waranti alitangulia. Kwa maoni yake ugonjwa ulikuwa mikononi. Mtu amezoea miaka kumi na tano kuzungusha lenzi kulia, leo anaambiwa kushoto. Basi Fokasi alidhani anamvuta mbega karibu, kumbe anapanua picha, na nyati akaingia humo kama mgeni anayekuta mlango wazi. Alilieleza jambo hilo kwa ufundi, akionyesha kwa kikombe, akamalizia kwa hekima.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Tembo gani? akauliza Tabitha. Huyu ni nyati.

— Mnyama ni mnyama, mama. Ukimsifu sana fundi, mnyama anaingia kwenye lenzi, na lenzi inapata unyevu.

Fokasi akasema kwa upole kwamba lenzi aliyotumia siku hiyo haina cha kuzungusha, haivuti wala haipanui. Waranti akanywa kahawa yake, akasema basi kasoro ni ya kiwandani.

Tabitha hakukubaliana na habari za mikono. Yeye alijua habari za akili bandia. Binti wa dada yake alipiga picha kwa simu mpya, akatokea na meno yote, na kila mtu wa Tengeru anajua kwamba mawili ya mbele yaling'oka. Simu iliona mtu akicheka, ikahisi hapo panafaa meno, ikayapanda. Basi kamera hii ilifika msituni, ikajua hapa ni Meru, na Meru ina nyati, ikamweka mmoja ili picha ipendeze.

— Na kinyesi? akauliza Fokasi. Tulikuta kinyesi na alama za kwato pale pale.

Tabitha akachochea mkaa. Alikiri kwamba kinyesi ni kigumu kukipanda.

Tajeu naye akauliza nani alikuwa mwenye kamera hiyo kabla. Fokasi akasema hajui. Ilitoka kwa mtu wa utalii mjini, naye aliipata kwa mgeni. Mgeni gani? Hajui. Aliiuza kwa nini? Hajui. Kila alipojibu hajui, Tajeu alitikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuona majibu.

Kisha akasimulia, kwa sauti ya chini, kwamba huko juu vitu vya watu waliokutwa na mauti havipotei. Viatu huvaliwa na wengine. Makoti huvaliwa. Na kamera je? Kamera ilizoea jicho la mwenyewe. Mwenyewe akiondoka, jicho linabaki humo ndani, linaendelea kutazama. Wewe unaangalia mbega, lenyewe linaangalia kile kilichomuua bwana wake. Linakupigia picha, pengine kukuonya, pengine kukuita.

— Ipeleke kwa mchungaji iombewe, kabla hujampa Godwin mzigo wa watu.

— Mchungaji ataombea kamera tu, au na memori kadi pia? Waranti akauliza, lakini sauti yake haikuwa na mzaha wa kutosha, na alisogea kidogo mbali na mkoba.

Fokasi hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo. Kazini kwake vitu hupimwa. Hata hivyo maneno ya Tajeu yaligusa kitu alichokuwa anakikimbia: kwamba kamera iliona, naye hakuona. Alijaribu kuiweka sawa kichwani. Canon ilikata pembeni, sawa. Nikon haikati, na bado hakuona. Basi Sony. Lazima iwe Sony. Akatazama saa. Ilikuwa bado mapema mno kwenda Elerai, lakini aliona heri akamsubiri Godwin barabarani kuliko kukaa pale.

— Kipya kinyemi ingawa kidonda, akasema Waranti, akidhani anamtia moyo.

Wakati huo alikuwa amefika mgeni. Alikuwa Koko Nashilu, dada mkubwa wa mama yake Tajeu, bibi, au koko kwa lugha ya nyumbani kwao, wa miaka themanini na kitu, aliyekuja kutoka Olasiti kwa shughuli ya mjukuu. Alitokea upande wa mbuzi, yaani upande wa kushoto, akitembea bila haraka, akasimama penye ncha ya benchi. Tajeu alimwona akainuka nusu. Waranti akasema shikamoo. Tabitha akasema shikamoo, akifuta mikono kwenye khanga. Fokasi naye alisikia salamu zikienda, akainua uso, akatabasamu kuelekea jikoni alikodhani mgeni amesimama, akasema shikamoo kwa adabu zake zote, kisha akarudi kwenye zipu ya mkoba.

Bibi aliitikia marahaba. Alikuwa amenyoosha mkono.

Mkono ule ulibaki pale. Tajeu aliutazama, akamtazama Fokasi, akashindwa kuelewa, maana katika kijiwe kizima hakuna aliyejua heshima kama Fokasi. Ndiye aliyekuwa akisimama hata kwa wadogo zake. Waranti alikohoa. Tabitha alishika birika hewani, hakumimina. Mkono wa bibi, wenye bangili za shanga hadi karibu na kiwiko, ulikuwa shibiri moja kutoka begani kwa Fokasi, naye alikuwa anahangaika na zipu.

— Baba, akasema Koko Nashilu bila ukali. Mkono wangu una nini?

Tajeu aliangalia chini. Fokasi aligeuza kichwa chote kuifuata sauti, na mkono ukatokea ghafla mbele ya uso wake, kama kitu kilichotupwa kutoka gizani. Akashtuka hadi kikombe kikamwagika.

Aliupokea kwa mikono yake yote miwili.

— Nisamehe, koko. Sikuuona.

— Nimesimama hapa tangu walipoanza kuniamkia.

— Sikukuona wewe pia.

Aliposema hivyo, alisikia mwenyewe alichosema. Akaendelea kuushika mkono wa bibi. Kisha akafanya kitu ambacho mwaka mzima alikuwa hajathubutu kukifanya, ingawa ni rahisi, ingawa hata mtoto angeweza kukifikiria. Alimgeukia Tabitha, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama kwa la kushoto, lile analoweka kwenye kitundu cha kamera tangu ujana wake.

— Eli, akasema Tajeu, akitumia jina lake la kweli. Unaona nini?

— Naliona birika.

— Na nani amelishika?

Tabitha alikuwa ameketi hatua mbili mbele yake, mwanamke mwenye mwili wake na kilemba cha njano.

— Hakuna mtu, akasema. Kuna birika tu.

Tabitha akaanza kulia kimyakimya, bado amelishika birika.

Ndipo baba yake alipomjia Fokasi akilini. Mzee Sumari alikuwa na shamba la kahawa na migomba huko juu, mtu mkali na makini. Mwaka mmoja akaanza kugonga bega kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akamwita fundi seremala, akamgombeza kwamba fremu ni nyembamba, ikang'olewa ikawekwa nyingine. Akagonga na hiyo. Akamfukuza seremala yule akaleta mwingine kutoka Usa, mji wa jirani. Milango ikapanuka mpaka majirani wakauliza kama anataka kuingiza ng'ombe ndani. Baadaye akasema watu wamehamisha njia ya kwenda shambani. Alipofika miaka sitini alikuwa kipofu kabisa, na watu wakasema ni mkono wa mtu. Fokasi aliijua hadithi hiyo maisha yake yote. Aliwahi hata kuisimulia hapo hapo kijiweni, watu wakacheka habari za milango. Hakuwahi kuiweka karibu na kamera zake.

Simu yake ikaita, alikuwa Godwin. Aliiacha iite mpaka ikakoma. Tajeu aliuchukua mkoba, akautia begani mwake bila kusema lolote tena juu ya jicho la marehemu, akamsindikiza hadi nyumbani, akitembea upande wa kushoto. Koko Nashilu alikaa ncha ile ya benchi akamngojea mwana wa mdogo wake arudi. Tabitha alimpa kahawa.

Elieshi alipoambiwa, hakupiga kelele. Aliuliza tangu lini. Fokasi akajibu tangu lile beseni la plastiki, na mwanamke akaelewa kwamba ni zaidi ya mwaka.

Jumatatu asubuhi walikuwa kliniki ya macho mjini. Walimpima mambo mengi, lakini kilichomtisha kuliko vyote kilikuwa kipimo cha taa. Unaweka kidevu kwenye mashine, unafunikwa jicho moja, unatazama katikati, na kila ukiona kidoa cha mwanga pembeni unabonyeza. Aliona vichache akabonyeza. Kisha vikakoma. Akasubiri, kidole kikiwa tayari. Akasubiri tena, mpaka akaona heri aulize.

— Dada, mashine imezimika?

— Hapana, baba, akasema muuguzi. Bado inawaka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti tulivu. Alimweleza kwamba ni presha ya macho, kwamba hurithiwa katika ukoo, kwamba haiumi na ndiyo maana huiba polepole kama mwizi anayeanza na vitu vya stoo. Jicho la kushoto limekwenda sehemu kubwa, limebaki na tundu la katikati. La kulia limeanza kuguswa pembeni. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, saa ile ile, maisha yote, na hata hivyo hatamwahidi kitu. Akamwambia na watoto wake waje wapimwe.

Fokasi alikuwa na maswali mengi ya kumuuliza. Nyumbani alikuwa ameyaandika kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa mfukoni. Lililotoka halikuwa hata mojawapo.

— Daktari, mimi napiga picha. Miaka yote natumia hili la kushoto. Nikihamia la kulia?

Daktari aliacha kuandika.

— Hamia, baba. Utazoea. Lakini ukishahamia hapo, hakuna pengine pa kuhamia.

Alitoka na chupa ndogo ya dawa mkononi. Nje kwenye varanda kulikuwa na safu ndefu ya viti na watu wengi wameketi, na kwa muda hakumwona mkewe. Hakumwita. Alisimama mlangoni, akageuza kichwa chote hadi mwisho wa upande mmoja, akaanza kupita uso kwa uso, taratibu, bila kuruka hata mmoja, mpaka akamfikia Elieshi.